KUCHAPA SI KUCHAPISHA: MWANDISHI CHIPUKIZI WA KWALE NA MSWADA WAKE

Ukifunza Kiswahili kati ya Diani na Msambweni, huenda umewahi kuletewa mswada na kijana aliyemaliza kidato cha nne, naye akauliza: "Mwalimu, niupeleke Nairobi au nijichapishie?" Swali hili ni la kihakiki pia, kwani njia ya uchapishaji huacha alama katika kazi yenyewe.

Tuanze na istilahi. Mpiga chapa hulipwa ili aitoe kazi kama ilivyo. Mchapishaji huusoma mswada, huukubali au kuukataa, huuhariri, hugharamia uchapaji na kukisambaza kitabu. Anayejichapishia hutwikwa kazi hizi zote peke yake.

Fasihi yetu ina mifano ya pande zote mbili. Ken Walibora alitoa riwaya yake Siku Njema kupitia Longhorn mwaka 1996, na baadaye ikatahiniwa shuleni. David Maillu naye alijichapishia kupitia Comb Books miaka ya 1970, na Ben Mtobwa wa Tanzania akaanzisha Heko. Wawili hawa walimfuata msomaji wa kawaida wa mjini, wala hawakungoja soko la shule. Hata hivyo, waliendesha kampuni, na hasara ilikuwa yao. Tanzania ilipopiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976, pigo lilimwangukia yeye mwenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nakala 300 zikichapwa kwa shilingi 250 kila moja, gharama ni shilingi 75,000. Zikiuzwa kwa shilingi 400, sharti ziuzwe 188 ndipo mtaji urudi. Mrabaha wa asilimia 10 ungempa mwandishi shilingi 40 tu kwa nakala, lakini hangetoa mtaji wowote. Aidha, kitabu kisichoidhinishwa na KICD hakiingii katika orodha ya vitabu vya shule.

Je, mchapishaji hana dosari? Anazo. Mvuvi wa Shimoni anayezungumza Kichifundi hadithini anaweza kusanifishwa na mhariri wa mbali hadi asitambulike kwao. Hapo mwandishi ana haki ya kutetea lahaja kama mbinu ya kuwasawiri wahusika. Lakini anayejichapishia bila mhariri hukabiliwa na hatari nyingine: ploti legelege, mhusika anayebadilika jina katikati ya hadithi, na tahajia mbovu. Sifa za marafiki hazitibu haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuchagua njia, kijana apate kwanza wasomaji wawili wakali, mmoja wao awe mzawa wa lahaja anayoitumia. Kisha ajaribu wachapishaji na mashindano. Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa mfano, imewahi kuifikisha miswada iliyoshinda kwa Mkuki na Nyota. Akipewa mkataba, ausome kifungu cha hakimiliki kabla ya kutia sahihi. Akikataliwa kote, na wasomaji wake wakali wameridhika, basi ajichapishie, aanze na nakala chache.

Nawe mtahiniwa, ukikihakiki kitabu chochote, tazama pia ukurasa wa hakimiliki. Jiulize: ni nani aliyekisoma kitabu hiki kabla yangu, na alibadilisha nini?