Kadi ya Wakanda Imefika Turkana

Jirani yetu aliyerudi kuwasalimia wazazi wake hapa Kakuma aliniletea mzigo kutoka kwa dada yangu mkubwa, anayeishi sasa Marekani. Ndani kulikuwa na viatu, nilivyovitazamia, na kadi, ambayo sikuitazamia. Viatu nimeshavivaa. Kadi bado naitazama.

Imetengenezwa kwa mkono na msanii mmoja anayefanya kazi peke yake na kuuza mtandaoni. Anatengeneza kadi za salamu kwa ajili ya mashabiki wa filamu na vitabu. Dada aliinunua kwa dola 7. Ni karatasi ngumu ya zambarau, na juu yake mtu mweusi aliyekatwa kwa wembe, mikono imepishana kifuani, mkufu wa rangi ya fedha shingoni. Ni mfalme T'Challa wa filamu Black Panther, ile ya Ryan Coogler ya mwaka 2018. Nani hapa hajaiona? Wengine tuliiona kwenye kibanda cha video, DJ akitafsiri na kuongeza chumvi yake.

Nianze na sifa. Karatasi zimebandikwa tabaka tatu. Ukiisogeza kadi karibu na taa ya sola, kivuli cha mikono kinaangukia kifua, utadhani mfalme anapumua. Pembeni gundi imevuja kidogo, na mimi sikuchukia, maana hapo unaona kidole cha mtu.

Sifa kubwa ni kwamba kadi haijielezi. Hakuna jina la filamu, hakuna neno lolote. Kama huijui hadithi, utaona mtu anayesikia baridi. Kama unaijua, tayari mko watatu: aliyeikata, aliyeinunua na aliyeipokea. Akina mama wa pwani wanaijua kazi hii kwenye kanga. Unachagua jina, unampa mtu, na mhusika anaelewa.

Lakini nina ugomvi nayo.

Katika filamu ya Captain America: Civil War, ya mwaka 2016, ramani inaiweka Wakanda upande wa kaskazini wa Ziwa Turkana. Jirani yetu kabisa, bana! Nchi tajiri iliyojificha huku dunia ikidhani ni ya wafugaji maskini. Katika Black Panther, Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anamwambia mfalme kwamba nchi yao ina uwezo wa kutoa misaada na hifadhi. W'Kabi, rafiki wa mfalme, hataki. Anasema wakimbizi wakiingia wataingia na matatizo yao, na Wakanda itakuwa kama kwingine kote. Siku ile kibanda kizima kilinyamaza. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Huyo nimeshakutana naye." Tulicheka mpaka DJ akasimamisha filamu.

Hapo ndipo hadithi ilipo, kwenye ugomvi kuhusu mlango. Msanii amepita hapo bila kugusa, akachukua ishara ambayo kila mtu ameshaichukua kwa fulana na vikombe. Katika lugha ya ishara ya Marekani, mikono ikipishana hivyo kifuani ni upendo, ni kukumbatia. Kwangu mimi, mtu wa foleni na mageti, inafanana na komeo. Kadi yenyewe haijaamua kama inanikumbatia au inanifungia. Angemkata Nakia, mkono mmoja mbele, labda angeuza chache. Ila shabiki wa kweli hapendi ishara tu, anapenda hata pale hadithi inapouma.

Kilichoiokoa kadi ni uamuzi mwingine wa msanii: ndani ameacha peupe pote. Dada akaandika kwa kalamu ya bluu: "Mdogo wangu, chumba ni kimoja, sufuria mbili. Godoro lako liko nyuma ya mlango." Nikaifunga kadi, nikamtazama mfalme tena. Mikono ni ileile, lakini safari hii haikuwa komeo.

Sasa nizungumze na sisi tunaotengeneza vitu hapa, na nyinyi wa mashirika mnaotusaidia kuviuza. Nimeona vikapu na shanga vikitoka na kikaratasi: jina la mama, nchi aliyokimbia, watoto aliobaki nao. Mnunuzi anasoma, anasikitika, anatoa pesa. Sawa, pesa ni pesa. Lakini atarudi? Huruma hununua mara moja. Huyu msanii wa kadi huenda naye ana madeni na msiba, ila hakuvibandika kwenye bidhaa. Anachomwambia mnunuzi ni kimoja: unachokipenda wewe, nami nakipenda. Mtu wa namna hiyo unamrudia. Basi mkikaa na mafundi wetu, msiwaulize walichokimbia tu. Waulizeni wanapenda nini.

Na tusimuige kila kitu. T'Challa ni mali ya Marvel, na Marvel ni ya Disney tangu 2009. Mwenye mali akilalamika, kadi inaweza kuondolewa sokoni kesho. Sisi tuna hadithi ambazo hakuna kampuni itakayotudai hakimiliki. Sisi wa Kivu tunaye Mwindo wa Wanyanga, mtoto aliyekataliwa na baba yake, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, naye akaimba humo humo ndani. Wasomali wana malkia Arawelo. Waulizeni watoto wa hapa, watawaongezea wengine kumi.

Juzi nilimpelekea kadi kijana anayechora mabango ya vinyozi. Aliigeuza, akapitisha ukucha kwenye zile tabaka tatu, akasema anaweza. Nikamwambia anikatie Mwindo, ngoma yake ikiwa juu ya maji.

"Nani atanunua?" akaniuliza.

"Anayemjua."

"Na asiyemjua?"

"Huyo atauliza," nikamwambia. "Na wewe utamsimulia."

Akaomba wembe mpya.