Konda Hupanda Gari Likishaondoka

Saa kumi alasiri, uani kwenye nyumba moja ya Tandika, mzee amewasha moto wa maboksi anaipasha chapuo, ile ngoma ndogo. Anaisogeza, anaigeuza, anaigonga kwa kidole kimoja, anasikiliza, anairudisha motoni. Ngozi imelegea kwa mvua ya asubuhi. Inakaza taratibu, na sauti yake inapanda kidogokidogo mpaka inakuwa kavu kama mtu aliyekwisha kusafisha koo. Vijana wa kikundi wako kwenye benchi wanasubiri, na hakuna anayemharakisha.

Wanaandaa igizo la nyimbo na ngoma mwanzo hadi mwisho, na mhusika mkuu ni konda wa daladala. Kijana anayemcheza amekulia hapahapa Temeke, daladala amezipanda tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, kwa hiyo alidhani konda anaye mzima mfukoni. Siku ya kwanza alikuja na kila kitu: mluzi, kofia kisogoni, majina ya vituo yakimtoka kama mvua, matusi mawili matatu. Wenzake walivunjika mbavu. Mzee hakucheka.

"Mwanangu," alimwambia, "huyo unamsimulia. Hujawa yeye."

Niliporudi baada ya wiki mbili, mbwembwe zote zilikuwa zimepokonywa. Kijana alikuwa amebakiziwa sarafu tano kiganjani na mguu mmoja wa kufanyia kazi.

Sarafu kwanza. Aliyepanda daladala za Dar anajua kwamba konda mzoefu hana haja ya kuomba nauli kwa mdomo. Anazitikisa sarafu kiganjani karibu na sikio lako, kachi, kachi, na hata ukijifanya umesinzia mkono wako utaenda mfukoni. Mzee amezigeuza sarafu hizo kuwa ala. Katika wimbo wa asubuhi zinaingia haraka katikati ya mapigo ya chapuo, zinachokoza. Jioni, gari limelala kituoni na hesabu ya bosi haijatimia, zinalia moja moja, kila moja ikihesabiwa. Halafu kuna tukio la nyumbani: mama anamuuliza kazi imekwendaje, naye anamjibu kwa wimbo mchangamfu kabisa, lakini kiganja kimefumbwa na sarafu hazisikiki. Hakuna mstari wowote katika igizo unaosema kwamba anamficha mama yake jambo. Kiganja kimefumbwa, basi, na watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakaguna.

Mguu ndio uliokula siku. Wimbo wa kuingia unapigwa kwa mwendo wa mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo inayotembea mtaani na kuzoa watu njiani mpaka mtu anajikuta mtaa asioujua. Mdundiko unakuvuta ukanyage juu ya pigo. Kijana akakanyaga juu ya pigo, safi kabisa, na akaonekana mpiga gwaride.

"Mzee, mbona najiona nipo sawa na ngoma?"

"Upo sawa, ndiyo tatizo lenyewe. Abiria ndiye anayewahi gari. Konda hupanda likishaondoka."

Sikuelewa mpaka nilipoona. Kila pigo la msondo, ile ngoma ndefu, ni gari linaloondoka. Konda anatakiwa akanyage nyuma yake kidogo, kiasi cha nusu pumzi, kisha atue bila kuyumba. Kijana akajaribu, akachelewa sana, akawa mtu aliyechoka. Akajaribu tena, akawa mlevi. Hapo mzee aliinuka, akamshika kifuani kwa vidole viwili. Mlevi, alimwonyesha, hubaki nyuma na mwili wote. Konda mguu uko nyuma, lakini kifua kimeshafika mlangoni. Wakarudia, na chapuo haikukasirika hata mara moja. Ilikuwa ikiurudia mlango uleule kama dereva mwenye subira. Nilihesabu hadi mara kumi na nane, nikaacha kuhesabu. Mara fulani baada ya hapo mguu ukakaa. Hakufungua mdomo, hakuwa na kofia, na kila mtu pale uani alimwona konda, tena konda mwenye tabia yake: mtu anayeamini hataachwa na chochote.

Ufundi huu una ukoo. Serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa miaka ya 1960, na ngoma za mikoani zikaanza kupandishwa jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Lakini darasa kali kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa mabaa na kumbi za Temeke na Kinondoni miaka ya 1980 na 1990, enzi za vikundi kama Muungano ya Norbert Chenga na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, iliyozaliwa mwaka 1992. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarab, na mara nyingi watu ni walewale. Dada aliyetoka kucheza sindimba alibadilisha kanga nyuma ya pazia akarudi kama mama mkwe, na kiuno kilekile kilichokuwa kinazunguka sasa kilitakiwa kiwe kimekauka kwa chuki. Watazamaji wenye bia mkononi hawana huruma. Ukimchelewesha mhusika wako, wanageukia mishikaki.

Ndiko ilikotoka pia shule ya mpasho, taarab ya kurushiana vijembe. Khadija Kopa upande wa TOT na Nasma Khamis Kidogo upande wa Muungano walikuwa waimbaji, lakini ukiwatazama kwa jicho la uigizaji unaona wahusika kamili waliojengwa kwa shingo na mkono. Pale Tandika mama mwenye nyumba wa igizo amejengwa kwa kanuni hiyohiyo. Anayemcheza ni mcheza ngoma hodari, na kazi yake ngumu ilikuwa kufundishwa kutocheza. Anapoimba hasogei. Wapangaji wakiitikia, ndipo anapotembea hatua tatu, anajitanda kanga upya, anasimama. Akisimama tu, kiitikio kinakatika. Nguvu ya mtu mwenye nyumba imeonekana bila yeye kutaja kodi: wengine wanaimba kwa ruhusa ya miguu yake.

Nilimuuliza mzee kwa nini wasitumie muziki wa kurekodi, ambao haudai maboksi ya kuchoma wala nauli ya wapigaji watatu. Vikundi vingi siku hizi vinafanya hivyo, na sivilaumu, njaa haina fundi. Alinionyesha macho tu. Akipiga haangalii ngoma, anaangalia bega la mwigizaji. Bega likipanda anajua pumzi imeingia, na pigo linamsubiri. Spika haimsubiri mtu.

Kuna tukio moja la singeli, kwa sababu vijana waliidai, na igizo la mtaa wa Dar bila singeli lingekuwa uongo. Mzee alinung'unika, kisha akalikubali kwa hila nzuri. Muziki ule uliolelewa Manzese, Tandale na Mburahati hukimbia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, mguu wa binadamu hauufuati pigo kwa pigo. Basi mtaa wote unachezea mapigo yote kwa mabega na mikono, wanatetemeka kama maji yanayochemka, na katikati yao konda, ambaye leo amefukuzwa kazi, anatembea polepole, hatua moja kwa kila mapigo manane. Na safari hii anakanyaga juu ya pigo kabisa. Hana tena gari la kulichelewea. Nilimwona jirani yangu, fundi cherehani aliyekuja kuangalia tu, ameacha kutafuna karanga.

Mazoezi yaliisha karibu na magharibi. Mzee alizifunika ngoma kwa magunia, kijana akarudisha sarafu kwenye kopo, tukatoka pamoja hadi kituoni. Gari la kwanza likaja, konda wake akashuka, akapakia, akagonga bodi, gari likaanza kuondoka naye bado amesimama chini anamalizana na mtu chenji. Halafu akapanda.

"Umeona?" kijana akaniuliza. "Katanguliza kushoto. Mimi siku zote natanguliza kulia."

Gari likawa limekwenda, na sisi tumebaki. Tukasubiri lingine.