Makuti ya Munich, Nyasi za Soweto

Hadithi ninayoihakiki hapa hamjaisoma, na kwa namna ilivyokuwa siku ile hamtaisoma kamwe. Haijachapwa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la kurasa 96, na mwandishi wake ni mwenzetu wa kijiwe cha waandishi hapa Soweto, Mbeya. Ameniruhusu niizungumze hadharani kwa sharti moja tu, kwamba jina lake nisilitaje. Sawa dada, nimetii.

Alitusomea Jumamosi moja ya mwezi Julai. Anayeijua Mbeya ya Julai hataniuliza kwa nini wote tulikuwa ndani ya makoti. Tulikaa kwenye baa moja yenye vile vibanda vya mviringo ambavyo kila mtu anaviita vya makuti, ingawa ni nyasi tupu. Makuti ni majani ya mnazi, na mnazi na baridi yetu hawajawahi kuelewana. Ukutani pamechorwa ufukwe: mnazi umeinama, mtumbwi, jua jekundu linazama baharini. Nyuma ya ukuta huo ni Loleza na mawingu yake. Tulikuwa watu sita na soda nne, na dada mhudumu alitutazama saa nzima kwa jicho la kutufukuza.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana wa Mbeya amekwenda Munich, Ujerumani, likizo ya wiki 3 kwa dada yake aliyeolewa huko. (Mwandishi mwenyewe alikwenda mwaka 2022, kwa hiyo mambo ya treni na theluji hakuyaota.) Usiku mmoja dada anamwambia, "Leo nakupeleka kisiwani." Wanashuka ngazi chini ya hoteli kubwa. Huko chini kuna mianzi, mikeka, mtumbwi umening'inizwa darini, masanamu ya mbao yenye midomo wazi, taa hafifu kama za koroboi. Vinywaji vinaletwa kwenye vikombe vilivyochongwa sura ya mtu, kimoja kinawaka moto. Msichana ananusa nanasi, anatazama paa la majani, machozi yanamtoka. Anajiona yuko Bagamoyo, jua linazama baharini. Mwisho.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na ndipo ugomvi ulipoanza.

Nilimuuliza: Bagamoyo umefika lini? Akanyamaza. Bwana, Bagamoyo bahari iko upande wa mashariki. Jua linachomoza humo, halizami humo! Lile jua la hadithi halikutoka Bagamoyo wala Munich. Limetoka kwenye ukuta wa baa tuliyokaa, nikamwonyesha kwa kidole. Mtoto wa Soweto amevuka bara zima, ameingia chumba cha makuti ya uongo, na akakumbuka makuti mengine ya uongo, akayaita kwao.

Sasa nieleze kidogo kuhusu baa hizo, maana wengi wetu tumeziona kwenye sinema tu. Wazungu wanaziita baa za tiki. Tiki ni neno la watu wa visiwa vya Pasifiki. Kwa Wamaori ni jina la mtu wa kwanza, na sehemu nyingine ni sanamu zinazochongwa kwa heshima ya wahenga na miungu. Lakini baa zenyewe hazikuanzia visiwani. Marekani walikuwa wamepiga marufuku pombe, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, jamaa mmoja aliyeitwa Ernest Gantt akafungua kibaa Hollywood, akakipamba kwa mabaki ya mashua na mianzi, kikaja kujulikana kama Don the Beachcomber. Mwenzake Victor Bergeron alikuwa na chake Oakland tangu 1934, baadaye kikaitwa Trader Vic's. Pombe yao kuu ni ramu, ambayo asili yake ni mashamba ya miwa ya Karibiani, bahari nyingine kabisa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari waliorudi kutoka Pasifiki wakazipenda mno. Ulaya zikafuata: London, Trader Vic's ilikuwa chini ya hoteli ya Hilton ya Park Lane tangu 1963 hadi ilipofungwa mwaka 2022, Munich ipo chini ya Bayerischer Hof tangu 1971.

Na wakati watu wanakunywa kwenye visiwa vya mbao huko mijini, visiwa vyenyewe vilikuwa vinapigwa mabomu. Marekani walianza kujaribu mabomu ya nyuklia Bikini mwaka 1946, wenyeji wakahamishwa. Wafaransa nao wakajaribu ya kwao Mururoa tangu 1966 hadi 1995.

Simwambii mwenzetu ayaandike yote haya. Hadithi si darasa la jiografia. Lakini msichana wake anakitazama kile kikombe chenye sura na kusema "vinyago vya kwetu". Hapana! Ni sawa na Mjerumani aone kinyago cha Kimakonde akiite cha Kichina, nasi tutakasirika mpaka usiku. Angalau mmoja kati yao angeuliza, huyu mtu aliyechongwa hapa ni babu wa nani?

Mshikaji mmoja wa kijiwe akanipinga. Akasema riwaya zetu zimejaa hoteli na baa za fahari ambazo wasomaji hawajaziona. Mbona tulizipenda? Ni kweli. Mimi Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ndio walionifundisha kusoma kwa tochi chini ya blanketi. Dar es Salaam Usiku, ile ya Mtobwa ya mwaka 1990, niliisoma hadi jalada likaachana na kurasa. Ila katika riwaya zile, baa ni mahali pa kazi. Watu wanakutana hapo, mmoja anamtega mwingine, fedha inabadili mikono, usiku unakwenda mbele. Baa ya mwenzetu imekaa tu kama picha ya kalenda. Watu wawili wameketi, mmoja analia.

Halafu kuna mianzi. Hapa ndipo moyo uliponiuma. Bibi yake mzaa mama ni mtu wa Iringa, mwenyewe alishatusimulia mara nyingi. Iringa mwanzi si pambo. Masika watu wanakata ncha ya chipukizi, wanakinga, unatiririka ulanzi: ukiwa mpya ni mtamu kama juisi, ukilala unakuwa mkali na mzee anaanza kuimba. Katika chumba kizima kile cha Munich, kitu pekee alichokuwa na haki ya kukililia ni ule mwanzi ukutani, mkavu, uliopigwa vanishi, usiotoa hata tone. Amempita bibi yake akaenda kumtafuta Bagamoyo.

Nisije nikaonekana nabomoa tu. Ukurasa wa 19 una mistari minne ambayo mimi sijawahi kuandika mfano wake. Bili inakuja: euro 74. Msichana anapiga hesabu kichwani, zaidi ya laki moja na nusu, kodi ya chumba Soweto ya miezi 3. Dada analipa bila kusema kitu. Kwenye treni ya kurudi anavua viatu, anasugua miguu, anasema, "Na mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia pale." Basi, mwandishi anakimbilia machozi ya usiku na Bagamoyo.

Mistari minne! Miaka yote dada ametuma picha nyumbani, amesimama mbele ya majengo ya watu, na Soweto nzima inajua maisha amepatia. Kumbe amedunduliza ili mdogo wake arudi na kitu cha kusimulia. Hadithi iko hapo, nikamwambia, hayo mengine ni mapambo ya baa.

Alichojibu kilitunyamazisha. "Unafikiri sikujua? Dada ataisoma. Mama ataisoma."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Ni rahisi kuwa mhakiki wa dada wa mtu mwingine. Mswada wangu mimi, kurasa 212, una sura nzima ya hoteli ya ufukweni Zanzibar ambako sijawahi kukanyaga. Mchapishaji aliurudisha na karatasi yenye sentensi moja: hoteli hii ina harufu ya gazeti. Nilimtukana kimoyomoyo mwaka mzima. Siku ile pale barazani, mvuke ukitutoka mdomoni, nikajua kwa nini niliiandika. Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku wa baa, hapahapa mjini, na usiku wa Juni alikuwa anawasha moto kwenye debe chini ya vile vibanda. Kila nilipojaribu kumwandika nilimpeleka baharini, akawa meneja.

Tuliondoka bila kuagana vizuri. Wiki 3 hakuonekana kijiweni. Jumamosi iliyopita amekuja na kurasa 9 mpya. Zinaanza na bili. Dada anahesabu noti chini ya meza, mwanga wa kile kikombe cha moto ukimpiga vidoleni, na mdogo wake anajifanya anatazama mianzi ukutani. Jua halipo. Bibi ametajwa mara moja, kwa salamu ya "kamwene" tu, nami ningependa akae zaidi.

Nilimuuliza kama dada yake ameshaambiwa. Akasema bado, atampigia Jumapili, vocha anayo.