Istilahi "Mawasiliano ya Hisia": Je, Inafaa?

Mfasiri anayetakiwa kueleza yanayotokea baina ya mtu na mhusika wa kuundwa, yaani roboti au programu inayotenda mithili ya kiumbe hai, huweza kuandika "mawasiliano ya hisia" bila kusita. Istilahi hii yatamkika kwa urahisi, lakini inadai mengi kuliko yaliyothibitishwa.

Neno "mawasiliano" latokana na kitenzi "wasiliana", chenye kiambishi cha kutendana. Kwa hiyo ladokeza pande mbili, kila upande ukipeleka na kupokea. Tuitazame ELIZA, programu ya Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, iliyoelezwa mwaka 1966. Ilichukua maneno ya mtumiaji, ikayageuza kuwa swali au kauli, ikamrudishia bila kuelewa lolote. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1976, Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitunga kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Hisia za katibu zilikuwa za kweli; upande wa pili hapakuwa na wa kuzipokea. Programu za akili unde za leo zimeizidi ELIZA mno kwa ufasaha, lakini ufasaha si ushahidi wa hisia.

Yamkini mtu atajibu kwamba twasema pia "mawasiliano ya simu". Ni kweli, ila katika ncha mbili za waya huo wamo watu.

Tatizo si upatanisho wa ngeli. "Mwanasesere" huchukua A-WA, wala hatudhani kwamba ana uhai. Tatizo limo katika kitenzi. "Roboti anakuhurumia" ni ahadi, na mzee mpweke akiisoma katika maelezo ya matumizi, huenda akaitegemea. "Anajifanya" nayo haifai, kwani mwenye kujifanya ana nia. Kinachofaa ni "onyesha": saa huonyesha wakati bila kuujua.

Hivyo, napendekeza "onyesho la hisia" kwa upande wa mhusika wa kuundwa, na "mwitikio wa hisia" kwa upande wa mtu. Istilahi hii ya pili haimdharau aliyelia mbele ya mashine. Machozi yake ni halisi. "Mawasiliano ya hisia" na yabaki kwa wale ambao pande zote mbili zaweza kufurahi na kuumia. Wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazipime istilahi hizi katika kazi zao kabla hazijasanifiwa.