Kumtambua avoka anayejua kulinda

Kivuko cha Alunguli hakina mlango. Mtu anayekutafuta asubuhi anajua utashukia wapi, saa ngapi, na umebeba nini kichwani. Mama anayelala ng'ambo ya Lualaba na kuuza unga upande wa Kasuku hawezi kumkwepa mume aliyemvunja mkono, kwa maana mto ni mmoja na njia za kuuvuka zinajulikana. Ndiyo sababu nikiulizwa avoka, yaani wakili, mzuri wa kesi za ukatili wa namna hii hapa Kindu anatambulikaje, sitaji jina. Namrudishia muulizaji swali: alipokusikiliza, alitaka kujua unavukia wapi?

Wenzetu wamerahisishiwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, na Uganda ina yake ya 2010. Huko mwanamke anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, hati inayomkataza mume au jamaa kumsogelea. Kwetu Kongo, katika kazi ya kila siku ya tribinali, mama haingii asubuhi akatoka mchana na hati kama hiyo mkononi. Ulinzi unashonwa kwa viraka: kimoja kinatoka kwenye mwenendo wa kesi za jinai, kingine kwenye Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia), kingine kwenye sheria za mwaka 2006 juu ya ukatili wa kingono. Mjue avoka kwa mshono wake. Anayekuambia kwamba sheria ya Kongo haina kitu, amechoka au hajasoma. Anayekuahidi "amri" bila kukuonyesha kifungu ni hatari zaidi, kwa sababu utarudi nyumbani ukiamini umelindwa.

Kiraka chenye thamani kuliko vyote kimekaa katika kifungu cha 32 cha dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ile ya mwenendo wa jinai. Wengi hukipita kwa sababu kinaonekana kumfaa mtuhumiwa peke yake. Kinaeleza jinsi jaji anavyoweza kumwachia mtu kwa muda, jambo ambalo pale parke, ofisi ya waendesha mashtaka, kila mtu huliita "liberté provisoire". Anaachiwa kwa kuweka pesa ya dhamana, na juu ya pesa hiyo anaweza kupewa masharti: akae katika mji wenye parke, asivuke mipaka fulani bila ruhusa, asifike mahali palipotajwa au asiwepo hapo saa zilizotajwa, aje kujionyesha kila baada ya siku kadhaa. Mifano ya mahali inayotolewa na dekreti yenyewe ni stesheni na bandari. Wabelgiji walioandika walikuwa wakimwaza mtu atakayetoroka kwa treni au kwa meli. Mama wa Alunguli hakuwamo akilini mwao. Lakini Kindu ina reli na ina bandari, na maneno yale yale yanaweza kugeuzwa yakamkinga yeye.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Avoka wa kawaida ataandika kwamba mtuhumiwa "asimsumbue mlalamikaji". Maneno hayo hayashiki kitu. Polisi gani atamkamata mtu kwa kusumbua, na nani atapima? Fundi wa kweli ataomba iandikwe kwamba bwana huyo asiwe kwenye kivuko kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, wala saa kumi na moja jioni hadi giza, asikanyage soko fulani, asifike kwenye lango la shule ya watoto, na kila Jumatatu ajionyeshe kwa magistra aliyetajwa. Sharti zuri ni lile ambalo hata muuza karanga aliyeketi kivukoni anaweza kushuhudia kwamba limevunjwa. Na likivunjwa, parke inaweza kumrudisha mtu huyo gerezani. Soma ombi la avoka wako kabla hajalipeleka: kama halina saa wala jina la mahali, mrudishie.

Kuna mtego mwingine ambao humtenganisha anayejua na anayejifanya. Siku jaji anapoamua juu ya kumweka mtu kizuizini au kumwachia, mbele yake wapo magistra wa parke, mtuhumiwa, na mtetezi wa mtuhumiwa. Mama aliyepigwa hana kiti mle ndani. Nimewaona mavoka wamevaa toga, wamepanga maneno mazuri, wakibaki koridoni kwa mshangao. Anayejua kazi amemaliza yake mapema: ameandika barua kwa magistra, ameeleza hofu ya mteja wake, ameorodhesha masharti anayotaka yaombwe, na amehakikisha barua imegongwa mhuri wa kupokelewa. Muda ni mfupi. Mji ukiwa na parke na jaji pamoja, kama Kindu, mtu aliyekamatwa hufikishwa mbele ya jaji ndani ya siku 5. Ruhusa ya kwanza ya kizuizi ni siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi, na kila mara mlango wa kumwachia unaweza kufunguka. Muulize avoka wako tarehe inayofuata ni ipi. Akianza kupekua dosye, subiri. Akisema atakupigia simu, anza kutafuta mwingine.

Utasikia pia habari ya kumwita mtu moja kwa moja mbele ya tribinali bila kupitia parke. Ni njia halali, na parke ikilala inaweza kuwa ndiyo njia pekee. Ila ina bei yake: mtu aliyeitwa hivyo huja akitoka kwake na kurudi kwake. Hakuna kizuizi, kwa hiyo hakuna kuachiwa kwa masharti, kwa hiyo kile kiraka cha kifungu cha 32 kimekuponyoka. Avoka mwema atakuambia haya kabla hujachagua. Wapo wanaoipenda njia hii kwa sababu tu ina kazi chache.

Sasa lugha, ambako naona kesi nyingi zikifa. Mama anazungumza Kiswahili chetu cha Maniema. OPJ, afisa wa polisi anayechunguza kesi, anaandika Kifaransa. Na Kiswahili cha aibu kina mapazia mengi. Mwanamke atasema "alinisumbua" huku akimaanisha jambo ambalo sheria huliadhibu kwa miaka 5 hadi 20. Atasema "tuligombana" ilhali yeye hakuinua hata kidole. Mwandishi akiyatafsiri maneno hayo kama yalivyo, usumbufu unabaki usumbufu na kipigo kinageuka ugomvi wa watu wawili. Avoka mwenye sikio atasimamisha kalamu: "Mama, alikusumbua namna gani? Kwa mkono, kwa mdomo, au kwa mwili?" Atasubiri jibu bila kumkimbiza. Kisha, kabla mama hajatia sahihi au kidole cha wino, atamsomea taarifa yote kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari. Mwaka mmoja nilimsindikiza mama mdogo wangu ofisini kwa mtetezi mmoja, sitasema wapi. Aliwekeshwa kidole cha wino kwenye karatasi tatu na hakusomewa hata moja. Ya pili ilisema amemsamehe mumewe.

Haki ya kuwa na mtetezi tangu kwa polisi si hisani. Katiba ya mwaka 2006 inaitoa katika kifungu cha 19, na sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inataka mwathirika wa ukatili wa kingono awe na mshauri wake wakati wote OPJ anapofanya uchunguzi. Sheria hiyo hiyo inataka OPJ aiarifu parke ndani ya saa 24, uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Inawaagiza magistra na jaji walinde usalama, heshima na siri ya mwathirika, na mlango wa chumba cha kesi unafungwa mwathirika au parke wakiomba. Tena imekataza kesi hizi kuzimwa kwa kulipa faini ya kumaliza mambo. Kwa hiyo avoka anayefungua mazungumzo kwa kutaja "arrangement" ya familia, mbuzi wawili na kitenge, katika kesi ya kubakwa, amekwisha kujipima mwenyewe. Sikiliza vilevile kama anajua mipaka: ulinzi huu uliandikwa kwa ajili ya ukatili wa kingono. Mume aliyempiga mkewe ngumi anaangukia vifungu vya kawaida vya kupiga na kujeruhi, na huko avoka lazima ahangaike zaidi.

Katika kupiga na kujeruhi, karatasi ya daktari ndiyo uti wa mgongo. Kifungu cha 46 cha Kodi ya Adhabu kinatoa siku 8 hadi miezi 6. Cha 47, pale ambapo jeraha limeleta ugonjwa au kushindwa kufanya kazi, kinapanda hadi kati ya miaka 2 na 5. Tofauti hiyo yote inategemea daktari aliandika nini. "Ana maumivu" haisaidii. Karatasi nzuri ina tarehe, ina urefu wa kidonda, inasema mfupa upi, na inataja siku ngapi mgonjwa hataweza kufanya kazi. Avoka anayejua hukutuma hospitali ukiwa na barua ya OPJ au magistra ya kumtaka daktari apime, na humwomba daktari akamilishe pale palipoachwa wazi.

Kuhusu talaka nitasema machache. Tribinali ya amani ikipokea ombi, inaweza kupanga mambo ya muda wakati kesi inaendelea: nani akae wapi, watoto walale kwa nani, nani alishe. Na tangu Kodi ya Familia ilipofanyiwa marekebisho tarehe 15 Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili asimame mbele ya jaji. Mtetezi anayekuuliza kama mzee amekubali anaishi katika kodi ya zamani.

Bado pesa. Sheria ya mawakili ya mwaka 1979 inaliagiza kila baraza la mavoka kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Waulize Baraza la Maniema, na uende na cheti cha kutojiweza. Jua pia tofauti ya avoka na mtetezi wa mahakama: wote wawili watu huwaita "maître", lakini wa pili haruhusiwi kusimama Korti ya Rufaa. Nimewaona watetezi wa mahakama wakifanya kazi safi kuliko mavoka wenye ofisi za vioo. Wewe taka tu kujua unamlipa nani, na kila faranga iliyoingia kwa karani irudi na risiti.

Siku utakapopata masharti yako, usiridhike kuambiwa kwamba yametoka. Omba nakala yenye mhuri, mwombe avoka akusomee kwa Kiswahili, kisha uache nakala nyingine kwa mtu usiyelala naye nyumba moja.