Kebo Bora, Picha Bora?

Katika maelezo ya matumizi yanayofungashwa pamoja na televisheni na vyombo vya sauti, wafasiri hupenda kutuambia kwamba kebo nzuri huongeza ubora wa mawimbi. Kauli ya namna hii ina kasoro mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Kasoro ya kwanza ni neno mawimbi. Neno hili lafaa kwa yale yasafiriyo hewani hadi kwenye antena. Ndani ya kebo ya shaba hupita mabadiliko ya volteji, na neno ishara, ambalo walimu wa fizikia wanalo tayari, latosha.

Kasoro ya pili ni neno ubora. Katika mtambo wa analojia ishara ikichafuka kidogo njiani, picha nayo huchafuka kidogo. Ndipo watazamaji walipoazima jikoni neno chenga, nalo ni zuri kuliko istilahi nyingi zilizotungwa maofisini. Lakini katika kebo ya dijitali, kama ile ya HDMI iliyotangazwa mwaka 2002, hupita sifuri na moja tu. Maadamu chombo kinachopokea chaweza kupambanua ipi ni ipi, picha na sauti hufika kamili, kebo iwe rahisi au yenye ncha za dhahabu. Kebo ikirefuka mno au ncha zikilegea, chombo hukosea: vidoa humetameta, sauti hukatika, kisha kioo huwa cheusi. Baina ya ukamilifu na giza pana nafasi ndogo sana.

Basi ubora wa ishara na ubora wa picha, vilivyokuwa vikienda sambamba, vimetengana. Tunapendekeza uthabiti wa ishara kwa habari za kebo, na neno ubora libakie kwa picha na sauti. Wapo wanaopendelea usafi. Hatuliafiki, kwa kuwa msomaji atadhani ishara safi zaidi huleta picha safi zaidi.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ofisa ugavi aliyesoma maelezo yale atalipia kebo ghali ya mita 2 isiyomwongezea kitu, na huenda asiulize lolote juu ya kebo ya mita 15 ya ukumbini, ambako ndiko hasa uangalifu unakotakiwa. Yafaa kauli ile iandikwe hivi: kebo ilingane na urefu wa njia, ili picha na sauti zifike bila kukatika.