Siku Tisa Bila Bomba: Hesabu ya Karavani Mwambao wa Ningaloo

Kwenye kambi za hifadhi ya Cape Range, kaskazini-magharibi mwa Australia, hakuna bomba la maji, hakuna umeme na hakuna duka. Kuna vyoo vya shimo, mchanga, na matumbawe yanayoanzia hatua chache kutoka ufukweni. Sasa chukua wanandoa wastaafu wa aina mbili wanaofika pale kila msimu. Karavani zao zinalingana, magari yao ni ya aina moja. Wa kwanza wanafungasha siku ya nne. Wa pili wapo mpaka siku ya tisa, na wakiondoka ni kwa sababu nafasi waliyolipia imekwisha.

Mtu wa pembeni atasema hawa wa pili wana pesa zaidi, au gari lao lina nguvu. Sivyo. Siku za kukaa ufukweni huamuliwa na chombo kimoja tu: kile kinachojaa au kuisha mapema kuliko vingine. Na mara nyingi si kile walichokigharamia zaidi.

Njia yenyewe ni ndefu. Kutoka Perth hadi Broome kwa barabara ya pwani ni karibu kilometa 2,400, kabla hujachepuka kwenda popote, na anayetaka kuuona mwambao lazima achepuke. Kuna Shark Bay, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991, ambako inakadiriwa wanaishi nguva 10,000 hivi wakila nyasi za baharini. Kuna Ningaloo, iliyofuata mwaka 2011, ambako papa potwe, ndugu wa hao wanaoonekana Kilindoni kule Mafia, hufika kuanzia Machi. Kaskazini zaidi kuna Eighty Mile Beach, ufukwe wa takribani kilometa 220 licha ya jina lake kudai maili 80, na Roebuck Bay, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 10 na vitwitwi wa Siberia hutua kwa maelfu.

Tuanze na mizani. Dereva wa lori anayepita mizani ya Vigwaza hahitaji somo hili, lakini mstaafu aliyenunua karavani mwezi uliopita analihitaji sana. Tuseme karavani tupu ina kilo 2,250, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni kilo 2,800. Zimebaki kilo 550. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kutoa. Matenki mawili ya maji, lita 95 kila moja, yanakula kilo 190. Mitungi miwili ya gesi, 36. Sola na betri zilizoongezwa baada ya kununua, 60. Turubai la kivuli, meza na viti, 50. Chakula na vinywaji, 60. Nguo na matandiko, 70. Vyombo vya jikoni, 40. Jeki, spana na mipira ya maji, 40. Jumla ni 546. Mke akitaka kubeba cherehani, au mume akitaka sanduku la nyavu na ndoano, kilo 4 ndizo za kugombania.

Wengi husimama hapo wakidhani wamemaliza, kumbe gari nalo lina mizani yake. Karavani haikai kwenye tairi zake peke yake. Sehemu ya uzito inakandamiza tufe la kukokotea nyuma ya gari. Waaustralia wanapenda iwe asilimia 10 hivi, yaani kilo 280 kwa karavani yetu, na kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Land Cruiser 300 imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na namba hiyo ndiyo inayotangazwa. Kisichotangazwa kwa sauti kubwa ni kwamba yenyewe inabeba karibu kilo 700 tu. Toa 280 za tufe, toa watu wawili, toa ngao ya mbele ya kuzuia kangaruu, toa friji ya pili na droo za vifaa: umefika ukingoni. Halafu kuna dari la tatu. Gari na tela kwa pamoja visizidi kilo 6,750, na ukijumlisha uzito wa mwisho wa gari hilo, 3,280, na zile 3,500 za kuvuta, umeshapitiliza kwa kilo 30. Hivyo mwenye karavani nzito kabisa hawezi kulijaza gari lake hata kama kila namba, ikisimama peke yake, inamruhusu.

Kwa nini asilimia 10, na si 3? Karavani yenye mzigo mkubwa nyuma huanza kucheza mkia. Upepo wa lori ukiipiga ubavuni inayumba, inarudi, inayumba zaidi, na kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Malori ya huko, pamoja na matela yake, hufika urefu wa mita 53.5; moja likikupita, kwanza linakusukuma kando, kisha linakuvuta kwake. Dereva mgeni hukanyaga breki ya gari, na hilo ndilo kosa: gari linapungua mwendo, karavani inaendelea kusukuma kutoka nyuma. Mzoefu huondoa mguu kwenye mafuta taratibu, hushikilia usukani bila kupambana nao, na kwa mkono hubonyeza swichi ndogo chini ya dashibodi inayofunga breki za karavani peke yake. Tela linajivuta, mnyororo mzima unanyooka. Kwa karavani ya zaidi ya tani mbili sheria inadai pia kifaa cha kuzifunga breki zake endapo itakatika kutoka kwenye gari.

Na hapa ndipo maji yanapofanya ujanja. Tenki la mbele ya ekseli likijaa, tufe linapata uzito. Likiisha, tufe linakuwa jepesi. Karavani iliyotulia wakati wa kwenda inaweza kuanza kucheza mkia wakati wa kurudi, na mwenyewe akalaumu shokamzoba. Tenki lililojaa nusu nalo lina balaa lake, maji yanatembea humo ndani kila ukikata kona. Kanuni ya wazoefu ni tenki moja limejaa kabisa na jingine tupu kabisa, usigawe nusu kwa nusu. Barabara ndefu wanaipita na lita 95 za la mbele kama akiba, kisha wanajaza yote mawili mji wa mwisho. Kwa Cape Range mji huo ni Exmouth, chini ya kilometa 100 kutoka kambini. Kwa wanaokwenda fukwe za kusini ya hapo ni Carnarvon, ambako mto Gascoyne kwa sehemu kubwa ya mwaka unapita chini ya mchanga, na wakulima huyavuta maji hayo kumwagilia ndizi. Usiondoke Carnarvon bila mkungu.

Sasa turudi kwa wale wanandoa wetu. Lita 190, watu wawili, lita 20 kwa siku kwa kupika, kunywa, kuosha vyombo na kuoga kwa haraka: siku tisa na ushee. Lita 20 si mateso. Bafu la mjini linazimaliza kwa dakika mbili, lakini mtu akijimwagia, akafunga maji, akajipaka sabuni, kisha akafungua tena, lita tano zinamtosha. Vyombo wanaviosha kwa maji ya bahari na kuvisuuza kwa ya tenki.

Umeme ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyohofia. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 200, paneli za wati 400 juu ya paa, jua la Juni ambalo kule halina mawingu mengi. Friji inakula 70 hivi kwa siku, taa, pampu na simu 20 au 30. Jua linarudisha zaidi ya hizo. Kitu pekee cha kukiacha ni kiyoyozi, maana kitaimaliza betri hiyo kwa saa mbili, na wanaonunua betri ya pili na ya tatu ili walale na kiyoyozi ufukweni wanalipa kwa kilo walizozikosa kwenye maji. Fungua madirisha.

Kwa hiyo wale wa siku ya nne walikwama wapi? Chooni. Choo cha karavani kina kisanduku cha kuchomoa cha lita 18 au 19. Watu wawili wanakijaza siku tatu, nne wakijitahidi. Hakimwagwi popote ila kwenye sehemu maalumu. Mtu ametumia mamilioni kwenye betri, sola na matenki, halafu kisanduku cha plastiki kinamfanya afungashe. Wenzake wana kisanduku cha akiba, kilo chache tu kikiwa kitupu, na mchana wanatembea hadi vyoo vya shimo vya hifadhi. Kwa njia hiyo kile cha ndani kinabaki cha usiku. Ukienda fukwe za Warroora, zile za kusini, hesabu inabadilika, maana huko huruhusiwi kupiga kambi bila choo chako na vya umma huvikuti. Hapo visanduku viwili, visipomwagwa, ni siku saba hivi, hata kama maji yanakutosha tisa.

Njia za huko ni za changarawe, zenye mawimbi madogo yanayotikisa mpaka misumari ya makabati. Dawa yake ni upepo wa tairi. Karavani iliyotembea lami na upepo wa psi 45 inashushwa mpaka 30, gari mpaka 26, na mwendo unashushwa vilevile, kwa kuwa tairi laini linalokimbizwa hupata joto na kupasuka. Kuna kipimo cha kienyeji ninachokipenda: pima tairi likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Upepo ukiwa umepanda kwa 4 hivi, sawa. Ukipanda zaidi, ulijaza kidogo mno au umebeba kupita kiasi. Tairi linakuambia ukweli ambao mizani ya njiani haipo kukuambia.

Kuegesha ni kazi ya wawili. Mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma na redio ya mkononi, kwa sababu kupunga mikono kumevunja ndoa nyingi. Dereva anashika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, mkia wa karavani unaenda kulia. Ukishika juu utafikiri kinyumenyume na utaligonga pipa la taka.

Baharini nako kuna ufundi. Watu wanaisifia Turquoise Bay, na wengine wamekufa pale. Mawimbi yanamwaga maji juu ya ukuta wa matumbawe kuingia kwenye kina kifupi. Maji hayo lazima yatoke, na yanatokea kwenye pengo la ukuta. Mkondo basi unapita sambamba na ufukwe kuelekea kaskazini, kisha unageuka kwenda baharini. Unaingia upande wa kusini ukiwa na miwani, unajiachia, unapita juu ya matumbawe na kasa bila kupiga teke, na unatoka kabla ya ncha ya mchanga. Kabla, si penye ncha. Mwenzako anasimama hapo kwenye ncha kama alama, na ukimfikia umeshachelewa kuanza kuogelea kwenda nchi kavu.

Kalenda haikupi kila kitu. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga; kimbunga Vance, Machi 1999, kilipimwa kwa kasi ya kilometa 267 kwa saa pale Learmonth, karibu na Exmouth. Basi wanandoa wa karavani husafiri Mei hadi Septemba, na kwa hiyo wanakosa kasa wanaopanda kutaga kiangazi, na vitwitwi wengi wazima, ambao huwa wamekwenda Siberia kuzaa. Wakiwahi Juni au Julai wanapata mwisho wa papa potwe na mwanzo wa nyangumi wenye nundu kwa pamoja. Kwangu mimi hicho ndicho kipindi cha kukikamata, na nafasi za Cape Range huwekwa miezi mingi kabla.

Kutoka Port Hedland hadi Broome ni kilometa 610. Gari linalokunywa lita 11 kwa kilometa 100 likiwa peke yake linakunywa 18 hadi 20 likivuta, hivyo tenki la lita 110 linaweza kuishia njiani. Lazima usimame kituo cha mafuta cha Sandfire, hata dizeli yake ikuume. Usisubiri jioni. Baada ya saa kumi alasiri kangaruu na ng'ombe wanaanza kuvuka barabara.

Kurudi kusini ndiko kunakowashangaza wengi. Mwambao ule unapigwa na upepo wa kusini kiasi kwamba karibu na Geraldton miti imelala chini na kukua hivyohivyo. Kwenda ulisukumwa, kurudi unapigwa usoni, na karavani ina uso mpana. Lita 20 zinakuwa 23, 24. Wengine wanakata kutoka Port Hedland kupitia Newman, njia ya ndani, fupi kidogo na isiyo na upepo huo, ila imejaa malori ya migodi. Ningechagua hiyo ya ndani. Tenki la mbele ningelijaza hata kama kila kituo cha usiku kina bomba, kwa ajili ya tufe, na lile la nyuma ningeliacha tupu mpaka Perth.